Rangi, Vipande au Puti: Njia Tatu za Kugeuza Sanamu za Mchezo wa Mezani kuwa Mazombi

Mchezaji anayetaka kundi la mazombi kwenye meza yake anaweza kununua mazombi waliokwisha kutengenezwa, na wapo wengi wazuri. Hata hivyo, wengi wetu tuna masanduku ya askari ambao hatuwatumii tena, au tunataka mazombi ambao kabla ya kufa walikuwa watu fulani: wapiga mishale, walinzi wa lango, wachezaji wa timu moja. Hapo ndipo kazi ya kugeuza inapoanza, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa njia ni tatu na kila moja ina watetezi wake. Ya kwanza ni kupaka rangi tu, bila kukata chochote. Ya pili ni kukata na kuunganisha, yaani kuchukua kichwa cha sanamu hii na mkono wa sanamu ile na kuvipachika kwenye kiwiliwili cha sanamu nyingine. Ya tatu ni kufinyanga kwa puti ya epoksi, yaani donge la sehemu mbili ambazo zikikandwa pamoja hukauka na kuwa gumu, ili nyama iliyooza, mbavu zilizo wazi na nguo zilizochanika vijengwe juu ya sanamu iliyopo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: sanduku la askari wa miguu wa Vita vya Waridi (vita vya karne ya 15 vya kugombea kiti cha ufalme wa Uingereza, kati ya nyumba ya York na ya Lancaster) la Perry Miniatures, kampuni ya ndugu pacha Alan na Michael Perry iliyoko Nottingham, Uingereza. Sanduku hilo lina sanamu 40 za plastiki za kimo cha milimita 28, na vichwa pamoja na mikono huja mbali na viwiliwili, jambo linalorahisisha kazi. Tuwachukulie askari hao kuwa wafu wa Towton, vita vilivyopiganwa katika theluji huko Yorkshire tarehe 29 Machi 1461, ambao sasa wameinuka. Anayefanya kazi na sanamu za resini, za madini au za mpira mgumu zinazokuja na michezo ya ubaoni ataona mahali ambapo mambo hubadilika, nami nitayataja kila yanapojitokeza.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mkao: je, njia hii inaweza kumfanya askari aliyesimama imara aonekane maiti inayojikokota? Cha pili ni mwili wenyewe, yaani ngozi, majeraha na nguo. Cha tatu ni gharama na upatikanaji wa vifaa, hasa kwa mtu anayeishi mbali na maduka ya kazi hii. Cha nne ni muda na ujuzi. Cha tano ni uimara wa sanamu ikishikwashikwa mezani, pamoja na uwezekano wa kurudi nyuma ukikosea. Cha sita ni kukubalika, kwa maana mchezaji mwenzako aitambue sanamu na kanuni za mchezo ziiruhusu. Vigezo hivi havina uzito sawa kwa kila mtu: anayehitaji mazombi 40 kabla ya mwisho wa mwezi hapimi kama anayetengeneza mmoja wa kuweka kabatini.

Mkao

Sanamu ya milimita 28 hutazamwa kutoka umbali wa mkono au zaidi. Kwa umbali huo jeraha la shavuni halionekani, wala jicho halionekani, lakini bega lililoshuka huonekana mara moja. Mtu aliye hai husimama uzito wake ukiwa juu ya miguu yake, kichwa kikielekea anakotazama, na mikono yake miwili ikishirikiana katika kazi moja. Zombi amepoteza uratibu huo: kichwa kimelalia bega, mkono mmoja umeinuka bila sababu na wa pili unaning'inia, kiwiliwili kimetangulia na miguu inakifuata, na unyayo mmoja unaburutwa badala ya kunyanyuliwa. Kwa hiyo ninaamini kwamba swali la kwanza la mtu anayechagua njia lisiwe damu itapatikanaje, bali mwili utapindwaje.

Rangi haiugusi mkao. Askari anayevuta upinde kwa umakini atabaki kuwa askari anayevuta upinde hata ngozi yake ikiwa ya kijani. Anayechagua njia hii anaweza kujisaidia kwa namna mbili tu. Kwanza, wakati wa kuunganisha, achague viwiliwili vinavyotembea au kuinama na kuviacha vile vilivyosimama wima. Pili, aibandike sanamu ikiwa imeegemea upande, kwa kuweka kipande chembamba cha kizibo cha chupa chini ya unyayo mmoja na kuficha kizibo hicho kwa mchanga au theluji ya bandia. Mwegemeo mdogo kama huo, ukirudiwa kwa pembe tofauti katika kundi zima, hufanya kazi kubwa kuliko mtu anavyotarajia.

Kukata na kuunganisha ndiko kunakotoa mabadiliko makubwa zaidi ya mkao kwa juhudi ndogo. Chukua kichwa kimoja cha askari wa Perry, kipunguze chini ya shingo kwa mshazari, upande mmoja ukatwe zaidi ya mwingine, kisha kijaribu kwenye kiwiliwili kabla ya kutia gundi: utaona sikio limekaribia bega na kidevu kimegeuka kuelekea mtulinga. Kwa mkato huo mmoja yule askari amekwisha kufa. Mkono nao ukatwe kwenye kiwiko na sehemu ya chini izungushwe, ili kiganja kilichoshika mkuki kitazame juu au nyuma. Mguu ulionyooka huhitaji ujasiri zaidi: toa kabari ndogo nyuma ya goti bila kukata hadi mbele, paka gundi ya plastiki kwenye ufa, na ufunge taratibu, goti litakunja na mwili utapoteza uwiano wake. Plastiki hizi ni polistirini, na gundi yake hufanya kazi kwa kuyeyusha nyuso mbili zikashikana zikawa kitu kimoja, hivyo ufa mdogo hujifunga wenyewe. Sanamu za mpira mgumu za michezo ya ubaoni hazishiki gundi hiyo na zinataka supaglu, lakini zina fadhila yake: ukizitia katika maji ya moto karibu na kuchemka zinalainika, unazipinda kwa vidole, kisha unazizamisha katika maji baridi zikabaki hivyo bila kukatwa mahali popote.

Puti peke yake haibadilishi mkao. Inachokifanya ni kuondoa mipaka ya kukata. Mtu anayejua kuitumia anaweza kukata kiuno cha askari, kuingiza waya wa shaba kati ya vipande viwili, kuvitenganisha kwa milimita mbili au tatu, kuvipinda anavyotaka, kisha kujaza pengo kwa puti na kulifinyanga kuwa tumbo lililopasuka. Kwa njia hii hupatikana mikao isiyomo katika sanduku lolote: anayetambaa bila miguu, anayejinyanyua kutoka ardhini kwa mkono mmoja, wawili walioshikamana na mkuki uleule uliowaua. Hakuna njia nyingine inayofika huko, ingawa bei yake ni muda.

Mwili, majeraha na nguo

Hapa rangi inalipa deni lake lote. Ngozi ya maiti haihitaji kuwa ya kijani, na kijani kibichi kinachotoka moja kwa moja kwenye kichupa ndicho kinachowafanya mazombi wengi waonekane vinyago vya watoto. Kwa askari hawa wa Uingereza waliokufa kwenye theluji ningeanza na rangi ya mfupa iliyotiwa kijivu, kisha nikapitisha rangi nyepesi ya majimaji ya zambarau kuzunguka macho, midomo, vifundo vya vidole na kila mahali ambapo ngozi inagusa nguo, na mwisho nikainua pua na mashavu kwa rangi ya awali iliyotiwa tone la kijani hafifu. Anayepaka zombi mweusi asichukue kichocheo hicho na kukifanya cheusi zaidi. Aanze na kahawia iliyokolea, aondoe wekundu wake kwa kuchanganya buluu-kijivu, na sehemu za juu aziinue kwa kijivu cha zeituni badala ya nyeupe, kwa kuwa ngozi nyeusi iliyopoteza uhai hufifia na kupauka kama yenye majivu, na mfumo wake wa vivuli si ule wa ngozi ya kizungu. Mafunzo mengi ya kazi hii hayasemi lolote kuhusu jambo hilo, na ndiyo maana mazombi wengi weusi hupakwa vibaya.

Damu nayo inataka kiasi na mpangilio. Damu mbichi hung'aa. Damu ya siku nyingi ni kahawia isiyong'aa. Wapakaji wengi hutumia rangi nyekundu ang'avu ya Tamiya inayoitwa X-27, wakiichanganya na tone la kahawia au nyeusi, na huipaka baada ya vanishi isiyong'aa kukauka, kwani vanishi hiyo ikipita juu yake mng'ao hupotea. Brashi iliyotumika haisafishiki vizuri kwa maji, hivyo alkoholi iwe karibu. Kwa zombi aliyekufa zamani, damu mbichi iwekwe kinywani na vidoleni tu, maana hiyo si yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni mahali jeraha linapokaa. Mwaka 1996 kaburi la pamoja la wafu wa Towton lilifukuliwa, na mifupa yake ilionyesha kwamba majeraha mengi yalikuwa kichwani. Anayegeuza askari wa vita hivyo ana sababu nzuri ya kuacha matundu ya kifuani na kuweka mkato mmoja juu ya paji la uso, ambao rangi peke yake inaweza kuuonyesha kwa mstari mweusi ulioandamwa na mstari mwembamba wa waridi hafifu upande wa chini. Sare nazo zisisahauliwe. Wafuasi wa nyumba ya York walivaa damu ya mzee na buluu, na rangi hizo zikichanganywa na kijivu, zikapakwa juu yake madoa ya kahawia kwenye pindo, humwambia mtazamaji kwamba mtu huyu alikuwa wa bwana fulani kabla ya kuwa wa kaburi.

Kukata na kuunganisha huleta umbile halisi pale rangi inapoigiza tu. Ncha ya kisu hupasua pindo la koti katika vipembe visivyolingana, keekee ndogo ya mkono hutoboa nguo na mashavu, na mkono wa mifupa kutoka kwenye fremu ya viunzi vya mifupa (fremu ni kile kiunzi cha plastiki ambacho vipande huja vikiwa vimeshikamana nacho) hupachikwa mahali pa mkono wa nyama. Kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote katika njia hii: paka gundi nyembamba ya plastiki kwenye shavu au paja, subiri uso wa plastiki ulainike, kisha uchomechome kwa brashi kuukuu yenye nywele ngumu. Uso ule laini hubadilika ukawa na vishimo na vinundu vya nyama iliyooza, na rangi ya majimaji ikipita baadaye hujaa humo yenyewe. Haifanyi kazi kwenye resini wala madini. Huko watu hutumia supaglu na kunyunyizia bikabonati ya soda, ambayo huigandisha papo hapo na kuacha uso wenye chembechembe.

Puti ndiyo pekee inayoongeza kitu kisichokuwapo. Mbavu ni nyuzi za puti zilizosokotwa, unene wake nusu milimita, zikalazwa ndani ya tundu lililochimbwa kwa kisu. Nguo iliyochanika hufanywa kwa kuitandaza puti kama chapati juu ya plastiki iliyopakwa mafuta ya mgando, kuiacha ikaze kidogo, kisha kuikata vipande na kuvitundika begani vikiwa bado vinapindika. Matokeo yake ni mazuri kuliko ya njia nyingine zote yakifanywa na mkono uliozoea, na ni mabaya kuliko yote yakifanywa kwa pupa: donge lisilo na umbo shingoni haliwezi kufichwa na rangi, na kwa kweli rangi hulitangaza. Asiye na puti na anayetaka matambara tu anaweza kutumia karatasi laini ya shashi iliyoloweshwa katika gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka hushika mikunjo vizuri.

Gharama na upatikanaji

Rangi ndiyo nafuu zaidi, kwa kuwa karibu kila mchezaji anazo tayari na vichupa vitano au sita vinatosha kundi zima. Kukata kunataka sanduku la pili, na kwa anayefikiria gharama hiyo nina hesabu moja ya kumpa. Ukinunua sanduku la mazombi, kwa mfano la kampuni ya Mantic ambao nao wako Nottingham na ambao fremu zao zina vichwa na mikono mingi, usitupe viwiliwili vinavyobaki. Vichwa na mikono ya mazombi ikienda kwa askari, kofia za chuma na mikono ya askari iende kwa viwiliwili vya mazombi. Kila upande unaugeuza mwingine, na kundi linalopatikana ni kubwa kuliko sanduku lolote kati ya hayo mawili, tena hakuna wawili wanaofanana. Tahadhari iliyopo ni ya vipimo: sanamu za Perry zina vichwa na viganja vinavyokaribia uwiano halisi wa binadamu, ilhali kampuni nyingine, Games Workshop wakiwamo, huchonga vichwa na mikono mikubwa kwa makusudi. Kichwa kikubwa kwenye mwili mwembamba huonekana kosa, si kifo. Vishikilie vipande kwa gundi laini ya kubandikia mabango na uvitazame kwa mbali kabla ya kukata.

Puti ni nafuu kwa kila sanamu, kwani pakiti ndogo hutibu majeraha ya kundi zima. Zinazotajwa zaidi ni mbili: Kneadatite ya buluu na njano, ambayo zikikandwa pamoja huwa kijani, na Milliput inayotengenezwa Wales. Kneadatite inayouzwa kama utepe, rangi mbili zikigusana, huwa na mstari mgumu katikati pale zinapokutana. Ukate mstari huo na kuutupa kabla ya kukanda, la sivyo punje ngumu zitajitokeza katika kila uso unaoulainisha.

Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, hali ya hewa nayo ni gharama. Joto huharakisha epoksi, kwa hiyo ule muda wa saa moja na nusu hivi ambao Kneadatite hukubali kufinyangwa hupungua, na ni busara kukanda kiasi kidogo kwa kila awamu, na kuitunza ile isiyotumika kwenye friza. Makopo ya kupulizia ya praima (rangi ya msingi inayotangulia nyingine) na vanishi hayasafirishwi kirahisi kwa ndege kwa kuwa yamo katika mizigo ya hatari, na vanishi ikipuliziwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi inaweza kuacha utando mweupe juu ya kazi iliyokamilika. Praima na vanishi za kupaka kwa brashi huondoa matatizo yote mawili, na kwa mazombi alama za brashi si hasara. Supaglu, kwa upande wake, ipo katika kila duka la mtaani.

Muda na ujuzi

Rangi ndiyo ya haraka zaidi, na mtu anayepaka sanamu kwa mara ya kwanza anaweza kuanza na mazombi bila hofu, kwani uchafu na kutokulingana ni sehemu ya sura yao. Kukata kunaongeza muda kwa kila sanamu, lakini ujuzi wake hujengeka haraka: baada ya vichwa vichache mkono unajua pembe. Puti inadai subira ya aina nyingine. Kazi hufanywa kwa awamu, na awamu ya kwanza lazima ikauke kabisa, saa chache kwa Milliput na karibu siku nzima kwa Kneadatite, kabla ya kugusa upande wa pili, vinginevyo kidole kinachoshikilia mgongo kitafuta kilichofinyangwa mgongoni. Anayefanya sanamu kadhaa kwa zamu, akiongeza kipande kimoja kwa kila moja kila jioni, hupoteza muda mchache kuliko anayeikalia moja hadi mwisho.

Uimara, na kurudi nyuma

Sanamu iliyopakwa rangi tu ina nguvu ileile iliyokuwa nayo, na ukijuta unaweza kuiondoa rangi ya akriliki kwa alkoholi ya isopropili bila kuidhuru polistirini. Asetoni isikaribie, maana huiyeyusha. Hii ndiyo sababu ninashauri sanamu adimu za zamani zisikatwe kamwe. Viungo vya plastiki kwa plastiki vilivyoshikwa kwa gundi ya plastiki ni imara. Vilivyoshikwa kwa supaglu ni vikavu na huvunjika vikianguka, hivyo mkono wa resini au madini utobolewe na kuingizwa waya. Puti hushika vizuri ikiwa mahali pake pamekwaruzwa kwanza. Juu ya plastiki laini hubanduka. Kneadatite hubaki na unyumbufu kidogo, kwa hiyo inafaa matambara na vidole, ilhali Milliput huwa ngumu na hupigwa msasa vizuri, lakini ncha zake nyembamba hukatika. Wengi huzichanganya hizo mbili.

Usalama uzingatiwe kabla ya vyote hivi. Kisu chenye wembe mpya ni salama kuliko butu, kwa kuwa hakilazimishwi. Vumbi la resini lisivutwe: piga msasa ukiwa umelowesha na uvae barakoa. Sanamu za zamani za madini zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo mikono ioshwe baada ya kuzikwangua. Epoksi ambayo haijakauka inaweza kuizoesha ngozi mzio usioondoka, na glavu za nitrili ni kinga rahisi.

Kukubalika mezani

Michezo mingi inataka silaha ya sanamu ionekane kama ilivyoandikwa kwenye orodha ya jeshi. Mkataji anayeondoa mikuki yote ili kuweka mikono mitupu ajue kwanza mchezo wake unataka nini. Aliyepaka rangi tu ana tatizo la kinyume: ikiwa askari haohao wapo pia upande wa walio hai, mwenzake atawachanganya, na tiba yake ni kuvipa vitako vya wafu, yaani vibao wanavyosimamia, ukingo wa rangi tofauti. Katika mashindano yanayoandaliwa na Games Workshop sanamu zinatakiwa ziwe za kampuni hiyo, kwa hiyo vichwa vya kampuni nyingine vinaweza kukuzuia mlangoni. Nyumbani na rafiki, kinachotakiwa ni kuelewana.

Njia ipi, katika hali ipi

Kama unahitaji kundi la 30 au 40 kwa muda mfupi, paka rangi wote, lakini robo yao wakate vichwa kwa mshazari na uwaweke safu ya mbele. Macho ya mtazamaji hukaa kwenye safu hiyo, na wa nyuma huazima mkao wao.

Kama una kundi dogo la mapigano la sanamu kumi hivi, ambamo kila mmoja anajulikana kwa jina, kukata na kuunganisha kunakufaa zaidi, pamoja na puti kidogo ya kuziba mapengo ya shingo na viwiko. Kazi hiyo ya kuziba ndiyo shule bora ya puti, kwa kuwa haidai umbo lolote ila ulaini.

Kama unatengeneza sanamu moja, labda kamanda wa jeshi la wafu au kipande cha maonyesho kitakachotazamwa kwa karibu, nenda kwenye puti na ujipe muda. Anza na jeraha moja na tambara moja, na usimalize ubavu wa pili kabla hujaridhika na wa kwanza.

Kama sanamu zako ni za madini au resini, uzito wa hoja unahamia kwenye rangi na puti, kwa sababu kukata ni kugumu na vumbi lake ni la hatari. Kama ni za mpira mgumu, anza na maji ya moto kabla ya kufikiria kisu, na upake praima kwa brashi, kwani baadhi ya praima za kupulizia hubaki zikinata juu ya mpira huo.

Kama unafanya kazi na mtoto, mwachie rangi na karatasi ya shashi yenye gundi nyeupe, nawe ufanye mikato yote kabla hajaketi. Na kama una sanduku moja tu na hakuna uwezekano wa kuagiza jingine, bado una vichwa 40 vya kukata kwa mshazari, viwiko vya kuzungusha na gundi ya kuchomachoma mashavuni. Kabla ya kununua chochote, geuza wawili kwa njia hiyo, wasimamishe upande wa mbali wa meza, na uamue kuhusu waliobaki ukiwa unawatazama kutoka kwenye kiti chako cha kuchezea.